Dakika Kumi za Ngazini

Jengo zima lilimwita Meneja. Alikuwa na miaka miwili na miezi saba, na tangu alipojua kusema alijua pia kuamuru. "Baba, vaa viatu." "Mama, kaa hapa. Siyo hapo. Hapa." Jirani yao, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyempa jina hilo siku aliposimamishwa mlangoni na kuambiwa afute miguu kwanza. Jina likanata, na mama yake akawa Mama Meneja hata kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Meneja mwenyewe.

Mtoto wa pili alipoletwa kutoka hospitali, Meneja alipanda kwenye kochi, akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, kisha akauliza, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtoto alikuwa na jina lake zuri kwenye karatasi za hospitali, lakini tangu siku hiyo akabaki kuwa Mgeni. Meneja hakucheka. Aliuliza swali na alitaka jibu.

Mama yao alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare. Walikuwa wakimtandikia mezani matabaka arobaini ya kitambaa, naye akivaa glavu ya chuma na kupitisha kisu cha umeme juu ya mstari wa chaki, hapindi kushoto wala kulia. Wenzake walisema mkono wake una macho. Mume wake alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alikuwa ndani ya mashimo ya majengo marefu, mafuta yamemjaa mpaka kwenye viwiko, mahali ambapo simu haishiki. Kazi yake, alipenda kusema, ni kuwatoa watu walikokwama.

Wiki nne za kwanza mama mkwe alikuwapo. Alipika, akafua, akambeba Meneja mgongoni ili mzazi apumzike. Kisha akarudi kwake, maana naye alikuwa na nyumba na mume mgonjwa wa miguu. Alipoondoka alimwambia mkwewe, "Umepona sasa mwanangu, rangi imekurudi." Mama Meneja akatabasamu. Rangi ilikuwa imerudi kweli. Kitu kingine kilikuwa kimeondoka, na hakujua akiite nini.

Ilikuwa kama amewekwa nyuma ya kioo. Aliwaona watoto wake, aliwaogesha, aliwalisha, lakini yote yalifika kwake yakiwa yamepoa. Mgeni alikuwa mtoto wa kulia. Hakuwa na homa wala kuhara, na daktari alimpima akasema ni tumbo tu, litatulia. Alianza kulia jua likichomoza na kuendelea mpaka sauti yake ikawa kama mlango mbovu. Meneja naye, ambaye alikuwa ameacha nepi tangu mwaka uliopita, alianza kujikojolea upya. Akadai anyonyeshwe. Akadai abebwe wakati huohuo Mgeni akibebwa. Siku moja alimpiga Mgeni pajini kwa kijiko cha mbao, akasema kwa utulivu kabisa, "Nyamaza, mama amechoka."

Simu zikipigwa, watu wakiuliza "Hamjambo huko?", Mama Meneja alijibu, "Hatujambo, tunapambana." Jibu hilo lilimridhisha kila mtu. Mume wake aliporudi jioni alimkuta amekaa kitandani na mtoto titini, akambusu kichwani, akaosha vyombo, akalala kama gogo. Hakuwa mume mbaya. Alikuwa amechoka, na alifikiri wote wawili wamechoka kwa namna moja.

Mlango wa nyumba yao, ghorofa ya pili, ulikuwa wa mbao nzito, na fremu yake ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa juu. Walipohamia, fundi wa lifti alifunga komeo la ndani kule chini ambako mbao zilikuwa bado nzima, karibu na goti la mtu mzima. "Nitalihamisha," alisema. Baada ya miezi sita alisema tena, "Hili nitalihamisha, wala usijali." Hakuna aliyejali. Meneja wakati huo alikuwa bado anatambaa.

Jumanne ile ilianza vibaya. Meneja alikojoa kwenye godoro la wazazi, kisha akakataa kuvua nguo iliyolowa. Alikimbia nayo kuzunguka meza. Mgeni alikuwa akilia tangu alfajiri. Baba yao alikunywa chai akiwa amesimama, akatafuta funguo za kazini, akazipata kwenye kiatu cha Meneja, akaondoka mbio. Mama Meneja alimkamata binti yake penye kona ya jikoni akamvua kwa nguvu. Meneja akamng'ata mkono. Ndipo alipompiga kofi.

Hakuwahi kumpiga kabla ya hapo. Halikuwa kofi kubwa, lakini lilimgeuza mtoto shingo. Meneja hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mpita njia, akaenda kukaa chini ya meza.

Saa nne hivi Mama Meneja alimlaza Mgeni katikati ya kitanda, akamzungushia mito pande zote. Meneja alikuwa mezani, amepewa ndizi iliyokatwa vipande kwenye sahani ya bluu. Mama akachukua beseni la nepi zilizofuliwa akaenda kuzianika. Kamba zilikuwa mwisho wa korido, hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Mlango aliurudishia tu.

Alianika nepi kumi na mbili. Hazikumchukua hata dakika nne. Alikuwa akirudi, beseni tupu kiunoni, alipofika usawa wa ngazi. Kilio cha Mgeni kilikuwa kinamfikia kupitia mlango, chembamba, bila kukata. Miguu ikagoma. Hakuwaza lolote, hakupanga lolote. Aliweka beseni chini, akakaa kwenye ngazi, mgongo ukutani. Saruji ilikuwa baridi na baridi ile ilimpendeza. Mtu alipita chini barabarani akipiga mluzi. Alisikia mtoto wake analia, akajua ni mtoto wake, akajua anapaswa kunyanyuka. Alibaki palepale akitazama ufa kwenye ukuta.

Baadaye alikadiria kuwa alikaa dakika kumi.

Kisha kilio kikakatika.

Hakikupungua taratibu kama cha mtoto anayechukuliwa na usingizi. Kilikatika katikati. Na katika ule ukimya Mama Meneja alihisi mwili wake wote unalegea, mabega yakashuka, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu asubuhi. Pumzi ile ilikuwa tamu. Ilipita labda muda wa kuhesabu tatu. Ndipo hofu ikamshika, akaruka, akaufikia mlango, akausukuma. Mlango haukufunguka.

"Meneja! Fungua mlango!"

Vikasikika vihatua vidogo.

"Nani wewe?"

"Ni mama. Vuta kile chuma, vuta kama ulivyofanya."

"Mama amekwenda," ilisema sauti ya upande wa pili. Haikuwa ya utani.

"Mama amerudi, mpenzi. Vuta chuma. Mgeni anafanya nini?"

"Amenyamaza. Nimempa."

"Umempa nini?"

"Ndizi."

Mama Meneja alipiga mlango kwa bega, akapiga tena. Mwalimu wa hesabu alitoka nyumba ya pili, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Hakuuliza maswali mengi. Alisikia "komeo", akasikia "ndizi", akageuka, akainama juu ya ukuta wa korido na kuita chini, "Fundi! Fundi wee! Njoo na mashine ya kukatia! Mtoto amejifungia na kichanga!"

Chini ya jengo kulikuwa na karakana ya madirisha ya aluminiamu. Fundi wa pale alipanda ngazi mbili mbili, mashine mkononi, akiburuta waya ambao msichana wa kazi wa ghorofa ya kwanza aliuchomeka kwenye umeme wa kwao bila kuambiwa. Mama Meneja alikuwa ameshampigia mume wake mara tano. Mara zote tano ile sauti ya mtandao wa simu ilimwambia kwamba mteja hapatikani.

Fundi alipapasa mwanya kati ya mlango na fremu. "Hapa diski itapita," alisema. "Nalikata komeo lenyewe. Lakini cheche zitaruka ndani. Huyo mtoto asikae hapo."

"Meneja, nenda chumbani," mama yake alisema.

"Sitaki."

"Nenda chumbani sasa hivi!"

"Sitaki! Wewe mbaya!"

Mwalimu akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama wamekutana sokoni. "Meneja, ni mimi Mwalimu. Nina shida na hesabu yangu, imenikataa kabisa. Mgeni ana vidole vingapi vya miguu?"

Meneja alikuwa anafikiri.

"Sijui."

"Basi nenda kanihesabie. Usikosee. Hesabu kwa sauti nikusikie."

Vihatua viliondoka. Kutoka mbali ikaja sauti ya mtoto: "Moja. Mbili. Tano. Saba." Fundi akawasha mashine.

Chuma kilipiga kelele, cheche zikarudi kwenye viatu vyao. Mwalimu alimshika Mama Meneja kiunoni ili asiuvamie mlango kabla ya wakati. Ilichukua muda mfupi kuliko kuusimulia. Mlango ulipoachia, mama aliingia kwa nguvu hata akajigonga paja kwenye kona ya meza, na hakusikia maumivu mpaka kesho yake alipoona alama nyeusi.

Mgeni alikuwa kitandani, katikati ya mito. Meneja alikuwa amekaa karibu naye, kidole kimoja cha mguu wa mtoto mkononi mwake. Sahani ya bluu ilikuwa juu ya kitanda. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi na pembeni yake umepakwa ndizi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo mama hakuitaka. Alikuwa anapumua, lakini kidogo, na kila alipovuta pumzi ilisikika sauti ya mluzi.

Kila mwaka pale karakana ya sare walikuwa wakifundishwa huduma ya kwanza. Mama Meneja alikuwa akikaa nyuma akishona vifungo vyake mwenyewe, akidhani hasikilizi. Sasa mikono ya mkata vitambaa ikajua la kufanya. Alimnyanyua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikielekea chini, taya ameishikilia kwa vidole. Akampiga kwa kiganja kati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikatoa kipande cheupe, kikubwa kama kifundo cha dole gumba, kikaanguka sakafuni. Kwa sekunde moja hakikutokea kitu. Kisha Mgeni akalia.

Fundi wa aluminiamu aliweka mashine sakafuni. "Lia, baba," alimwambia mtoto. "Lia mpaka uchoke."

Kwenye zahanati daktari alimsikiliza Mgeni kifuani mbele na nyuma, akamwangalia koo kwa taa, akasema mapafu yake ni safi. Wabaki pale mpaka jioni ili aangaliwe. Mwalimu alikuwa amekuja nao, amempakata Meneja mapajani. Watu waliokuwa wakisubiri foleni walishapata habari yote, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi yake. "Mama jasiri huyo," walisema. "Amemtoa mwanawe mdomoni mwa kifo." Na walipomtazama Meneja walitikisa vichwa. "Wivu huo. Huyu wa kuchungwa. Leo ndizi, kesho je?" Mama mmoja mwenye kikapu alimwinamia kabisa. "Ulitaka kumuua mdogo wako, eh?"

Meneja alificha uso kifuani kwa Mwalimu.

Muuguzi aliyekuwa akiandika kwenye kadi ya Mgeni alikuwa msichana mdogo kuliko Mama Meneja, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Alipomaliza kuandika hakufunga kadi. "Mtoto hajambo," alisema. "Na wewe je?"

"Hatujambo. Tunapambana."

"Sijauliza nyinyi. Nimekuuliza wewe."

Mama Meneja alifungua mdomo ili arudie jibu lake, na jibu halikutoka. Muuguzi akasogeza kiti, akavuta pazia. Akauliza maswali kwa upole, moja baada ya jingine, kama mtu anayejua njia. Unalala mtoto akilala? Unakula? Unacheka kitu cha kuchekesha? Kuna wakati unatamani ungekuwa mahali pengine?

"Aliponyamaza," Mama Meneja alisema, "nilifurahi."

Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Nilikuwa nje, nimekaa kwenye ngazi. Nilimsikia analia, sikwenda. Sikuwa naanika nguo, nilikuwa nimemaliza. Nilikaa tu. Na aliponyamaza, kabla sijaogopa, nilifurahi. Mama gani huyo? Nje wananiita jasiri." Alilia basi, kilio kibaya chenye kamasi, ambacho hakuwa amekilia tangu ajifungue.

Muuguzi alimpa pamba, maana hapakuwa na kitambaa. "Umewahi kufikiri kumdhuru? Au kujidhuru?"

"Hapana. Nimefikiri kuondoka. Kushuka zile ngazi niende tu."

"Asante kwa kuniambia," alisema muuguzi. "Haya ni maradhi ya baada ya kujifungua, dada. Yana jina na yana matibabu. Wanaoyapata ni wengi kuliko unavyofikiri, na wengi wao hujibu kama ulivyonijibu mwanzo. Kesho kutwa daktari wa haya mambo anakuja. Utarudi?"

"Nitarudi."

"Nani atakuleta?"

Mama Meneja alitazama simu yake.

Mume wake alifika saa tisa, ovaroli ina grisi, macho mekundu. Alikuwa ametoka kwenye shimo la lifti akakuta simu kumi na tisa. Alimchukua Mgeni bila hata kunawa, akaacha alama za vidole vyeusi kwenye shali nyeupe. "Komeo," aliendelea kusema. "Ni lile komeo. Ni mimi." Kisha akamgeukia Meneja, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye benchi, miguu yake haifiki chini. Hofu ilipomwishia akabaki na hasira. "Na wewe! Mara ngapi umeambiwa usimguse mtoto? Unajua ulichofanya? Angekufa!"

Meneja aliangalia viatu vyake. Hakumwambia baba anyamaze wala akae.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na siku iliyofuata. Meneja hakumwamuru mtu. Alikula alichopewa. Alivaa alichovalishwa. Mgeni alipolia alisogea mpaka ukutani, akaweka mikono nyuma ya mgongo, ionekane haijagusa kitu. Majirani waliokuja kutoa pole walimletea Mgeni sabuni na nguo, na wakasimama mbali kidogo na dada yake. Mama mkwe alisema kwenye simu, mbele ya kila mtu, "Huyo mkubwa mleteni kwangu kwa muda. Asikae chumba kimoja na kichanga."

"Labda ni kweli," mume wake alisema simu ilipokatwa. "Kwa mwezi mmoja tu."

Mama Meneja alikuwa anamnyonyesha Mgeni. Alimwona binti yake ukutani, mikono nyuma, akisikiliza kila neno. Kioo kile kilichokuwa kati yake na watoto wake hakikuvunjika, lakini kwa mara ya kwanza aliona wazi kilichokuwa upande wa pili. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amebeba mzigo ambao haukuwa wake.

"Meneja hakufanya kosa," alisema.

"Hatusemi ni kosa, tunasema hajui—"

"Kaa chini. Nataka kukuambia kitu, na usiniambie nimechoka."

Alimwambia yote. Kofi. Ngazi. Ufa wa ukutani. Ile pumzi tamu. Aliongea akiangalia kichwa cha Mgeni kwa sababu hakuweza kumwangalia mume wake. "Mtoto alilia, na mtu mzima hakwenda. Akaenda yeye. Alimpa chakula chake mwenyewe, kwenye sahani yake mwenyewe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya mtu akilia. Aliyekosea ni mimi."

Fundi wa lifti akanyanyuka, akaenda dirishani. Mabega yake yaliinuka na kushuka. Aliporudi uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia nini? Sikuwa na neno lake."

"Neno lolote. Ungepiga kelele."

"Mgeni alikuwa anapiga."

Hakumkumbatia. Hilo Mama Meneja alilikumbuka baadaye bila kinyongo. Watu husimulia mambo haya kana kwamba ukweli ukishasemwa, wawili huangukiana. Wao hawakuangukiana. Mumewe aliomba likizo ya siku tano kazini, na kwa siku hizo tano hakumwacha mke wake peke yake na watoto hata dakika moja. Akimwogesha Mgeni, mumewe alisimama mlangoni na taulo. Akienda kuanika nguo, mumewe alitoka kwenye korido. Alifanya hivyo kwa upole, na upole ule ulimchoma Mama Meneja kuliko kutukanwa. Alijua amestahili, na alijua pia kwamba kuna siku ataweza kukasirika juu yake, na kwamba siku hiyo itakuwa dalili nzuri.

Lakini Alhamisi alimpeleka zahanati, kama mke wake alivyomwahidi muuguzi. Alikaa nje na watoto wote wawili saa nzima. Daktari alipomwita naye aingie, aliingia na Mgeni begani, Meneja mkononi, akauliza maswali ya kifundi: inachukua muda gani, dalili za hatari ni zipi, afanye nini kwanza na nini baadaye. Aliandika majibu nyuma ya fomu ya kazini. Dawa zilikuwa za kumeza kila asubuhi, na haziharibu maziwa. Miadi kila Alhamisi.

Kwa Meneja mama yake alizungumza Jumamosi, wakiwa wawili sakafuni wanapanga vifuniko vya chupa. Hakujua mtoto wa umri ule anaelewa nini. Alisema, "Siku ile mlango ulifungwa, mama alichelewa. Mama alikosea. Wewe hukukosea. Ulitaka kumsaidia Mgeni."

Meneja alipanga kifuniko. "Ndizi mbaya?"

"Ndizi si mbaya. Mgeni hana meno. Akipata meno atakula ndizi."

"Mama alinipiga."

"Ndiyo. Nilikupiga. Nisamehe."

Meneja alifikiri. Alichukua kifuniko chekundu kutoka mkononi kwa mama yake na kukiweka mahali pengine. "Kaa hapa," alisema, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kama bado inafanya kazi. Mama yake alisogea haraka kuliko alivyowahi kumtii mtu yeyote.

Mama mkwe aliambiwa kwamba Meneja hatakwenda. Fundi wa lifti ndiye aliyempigia, na alimwambia pia sababu, ile ya kweli, kwa maneno machache. Yule mama akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Baba yako alinikuta ukingoni mwa kisima siku moja, sina hata ndoo. Wewe ulikuwa na miezi miwili. Hatukulizungumza tena." Wiki iliyofuata alikuja, akakaa, na hakusema kwamba rangi imerudi.

Dawa hazikufanya muujiza. Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Aliumwa kichwa, mikono ikawa mizito, akaona anajidanganya. Wiki ya tano alicheka kitu, hakumbuki nini, akashtuka kwa sauti yake. Mgeni naye tumbo lilitulia, kama daktari wa kwanza alivyosema, ingawa kuna siku alilia kana kwamba amekumbuka deni.

Mama mkwe aliporudi kwake, na mume wake akiwa ameshaanza kazi, ikafika asubuhi ambayo wangebaki watatu. Mume wake alivaa ovaroli, akavua, akavaa tena. "Naweza kuomba siku nyingine," alisema.

"Nenda. Watu wamekwama huko."

"Ukizidiwa?"

"Nitaita."

"Utaita kweli?"

Alimkasirikia hapo. Ilimpanda ghafla, ya moto, nzuri. "Nimesema nitaita! Usiniangalie kama lifti mbovu!"

Mume wake alimtazama, mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, naye akashindwa kujizuia. Akaondoka amechelewa.

Ilipofika saa tano Mgeni alikuwa analia, maziwa yamemwagika, Meneja amevua nguo zote na kukataa kuvaa. Mama Meneja alihisi ule uzito unaanza miguuni. Aliufahamu sasa, kama mtu anavyofahamu hatua za mwenye nyumba. Alimbeba Mgeni, akamshika Meneja mkono vilevile uchi, wakatoka wote watatu, akagonga mlango wa pili.

Mwalimu alifungua. Alikuwa na rundo la madaftari kifuani.

"Siwezi peke yangu," Mama Meneja alisema. "Leo siwezi."

Mwalimu aliweka madaftari chini, akanyoosha mikono yote miwili, akasubiri aambiwe ampokee yupi.